Kuwafuata wachonga netsuke: siku tisa Japani

Siku ya kwanza, Novemba 17. Tokyo

Aliyenileta huku ni mjomba, ingawa mwenyewe hajui. Nilipokuwa darasa la sita alinionyesha kipande cha gazeti alichokihifadhi ndani ya kopo la vifaa vyake: picha ya kijitu cha mti chenye pua ndefu na mabawa. Maelezo yalisema hakizidi ndimu kwa ukubwa, na kwamba kilichongwa Japani zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. "Huyu aliyechonga ni mwenzetu," mjomba akasema. Yeye ni mchonga mpingo, Mmakonde wa Newala aliyehamia Mtwara mjini, na neno hilo halitoi ovyo. Mafunzo yangu ya ufundi mitambo hapa Japani yamekwisha juzi. Nimebakiwa na siku tisa kabla ya ndege, na zote nimezitenga kwa ajili ya hao wenzetu.

Vijitu hivyo vinaitwa netsuke. Nimeanzia Ueno, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, nje miti ya ginko imegeuka manjano tupu. Ghorofa ya pili ya jengo la Honkan kuna chumba cha mkusanyiko wa Mwanamfalme Takamado, aliyefariki mwaka 2002. Yeye na mkewe Hisako walizipenda hasa netsuke za wachongaji wa zama zetu. Za kale nyingi za makumbusho haya zilitoka kwa Go Seinosuke, mfanyabiashara mkubwa wa wakati wake. Nimepita haraka kwenye mambo mengine yote ya jengo hilo, hata panga za samurai, askari wa zamani wa Japani, ambazo watu walizizonga, nikarudi kusimama mbele ya kappa mmoja.

Kappa ni kiumbe wa mtoni. Ana umbo la mtoto, gamba la kasa mgongoni, na utosini ana kishimo kama kisahani kilichojaa maji. Nguvu zake zote zimo humo. Ukikutana naye, wazee wa Japani husema, muinamie kwa heshima. Naye kwa kuwa ana adabu ataitikia kwa kuinama, maji yatamwagika, hataweza tena kukuvuta mtoni. Watoto walionywa kwa jina lake wasicheze kando ya maji, kama bibi alivyotuonya sisi na Ruvuma.

Huyu niliyemuona amemkanyaga chaza. Chaza amefumba, mguu umenasa. Mchongaji hakumpa kilio, amempa mshangao wa mtu aliyezoea kuwatega wengine. Mdomo uko wazi kidogo, mkono mmoja unashika gamba, na vidole vya mguu ulio huru vimejikunja kwa kujikaza. Kila kidole ni kidogo kuliko punje ya mtama, na kila kimoja kina ukucha.

Nikainama ili nimwone kwa chini. Nikazunguka kabati. Mgongo nikauona nusu, tumbo sikuliona kabisa. Mlinzi akaja taratibu akaniuliza kwa ishara kama nimepoteza kitu. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa natafuta upande wa pili wa kazi, na kioo kimeuficha.

Siku ya pili, Novemba 18. Tokyo, Sumida

Leo nimeelewa kitu kile kilikuwa cha nini.

Ng'ambo ya mto Sumida kuna Makumbusho ya Tumbaku na Chumvi, na humo netsuke zinaonyeshwa zikiwa na vitu vyake, si peke yake. Kimono, vazi refu la Kijapani, haina mfuko. Mzee wa Mtwara aliyevaa kikoi hutia pesa kibindoni, na mama hufunga zake kwenye pindo la khanga. Mwanamume wa Edo, jina la zamani la Tokyo, alikuwa na mkanda mpana wa kitambaa uitwao obi. Kijaluba chake cha tumbaku, au vikasha vya dawa vilivyopandanishwa viitwavyo inro, alivitundika kwa ugwe. Ugwe ulipita nyuma ya mkanda, ukatokea juu, na pale juu ukafungwa kwenye kitu kigumu ili usiteleze. Kitu hicho ndicho netsuke. Ni kishikizo. Katikati ya ugwe kulikuwa na shanga moja, ojime, ya kukaza na kulegeza.

Kwa hiyo yule kappa wangu ana matundu mawili mahali fulani mwilini, ya kupitishia ugwe. Wenyewe huyaita himotoshi. Mchongaji alipaswa kuyatafutia mahali ambapo kitu kikining'inia kitatazama mbele, si kupinduka. Tena asiache ncha yoyote inayochomoza, maana mkono wa kimono ungenasa na kuchanika. Ndiyo maana viumbe hawa wote wamejikunja, mikono imebana kifuani, mikia imezunguka miguu. Jana nilidhani ni mtindo tu. Kumbe ni nguo.

Tumbaku iliingia Japani mwishoni mwa karne ya 16, na katika miaka ya Edo, 1603 hadi 1868, karibu kila mtu alikuwa na kiko chembamba cha kiseru na mfuko wake. Wafanyabiashara walikuwa na fedha lakini sheria za watawala ziliwabana wasivae kitajiri. Kishikizo kidogo cha kiunoni hakikumkera mtu, na humo wakamwaga mapenzi yao yote. Baada ya 1868 zikaja suruali, koti, mifuko na sigara za kutia mfukoni. Netsuke zikakosa kazi katika kizazi kimoja au viwili. Wageni wa Ulaya na Marekani wakazinunua kwa makapu, ndiyo maana leo London na Los Angeles zina makabati yaliyojaa.

Nilipokuwa nimesimama pale nilikumbuka kibweta cha ugoro cha babu. Wamakonde wa zamani walichonga vibweta vya tumbaku na dawa vyenye vifuniko vya kichwa cha binadamu. Cha babu kilikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye chale mashavuni, pua yake imelainika kwa kuguswa. Kilipotea kwenye mazishi yake na hatujakiona tena.

Siku ya tatu, Novemba 19. Njiani

Shinkansen, treni ya kasi, kwenda Kyoto, saa mbili na robo hivi. Mlima Fuji upande wa kulia, theluji kileleni, kisha mawingu. Kyoto imejaa watu waliokuja kutazama majani mekundu ya vuli, na kitanda nimepata mbali na mji. Nimelala mapema.

Siku ya nne, Novemba 20. Kyoto

Mtaa wa Mibu, karibu na hekalu la Mibu-dera, kuna nyumba ya samurai iliyojengwa mwaka 1820. Tangu 2007 ni makumbusho ya netsuke, Seishu, na hakuna jingine nchini la netsuke peke yake. Hapa nimekutana na dada mmoja aliyewahi kujitolea kufundisha sayansi Masasi miaka mitatu. Kiswahili chake kina lafudhi ya kusini kuliko changu. Alinisalimu, "Habari za masiku, kaka," kama tuliagana jana sokoni.

Nyingi za hapa ni za wachongaji walio hai, lakini hadithi ni zilezile. Dada akawa ananipitisha kabati kwa kabati kama mtu anayetambulisha ndugu. Huyu ni tengu mdogo, kiumbe wa hadithi mwenye mabawa, anatoka kwenye yai, mdomo wa ndege umeshatoboa. Tengu wengine wana pua ndefu, na nikamwambia huyo mwenye pua ndefu ndiye wa kwenye gazeti la mjomba. Hawa wawili ni Ashinaga na Tenaga, mmoja miguu mirefu, mwenzake mikono mirefu. Mwenye miguu huingia baharini amembeba mwenye mikono, naye huchota samaki. Huyu ni Shoki, mfukuza mashetani, anatafuta shetani kila mahali na shetani amejificha juu ya kofia yake. Huyu ni tanuki, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, aliyejigeuza birika la chai. Walipombandika motoni akaota miguu na mkia.

Kisha tukafika kwenye kengele.

Ni kengele ya hekalu, ya mti, urefu wa kidole gumba. Nyoka mwenye uso wa mwanamke ameizunguka mara tatu. Dada alinyamaza kidogo kabla ya kunihadithia. Mtawa kijana, Anchin, alikuwa akienda kuhiji akalala kwenye nyumba ya akina Kiyohime. Binti akampenda. Mtawa akamuahidi atapita tena akirudi, na aliporudi akapita njia nyingine. Binti akamfuata mbio. Walipofika mtoni mtawa akavushwa kwa mashua na akamwomba mwenye mashua asimvushe yule binti. Kiyohime akajitosa, na majini akageuka joka. Mtawa akakimbilia hekalu la Dojo-ji, wakamficha chini ya kengele kubwa ya shaba iliyokuwa imeteremshwa. Joka likaizunguka kengele, hasira yake ikaifanya shaba iwe nyekundu, na aliyekuwa ndani akaungua.

"Watu husema ni hadithi ya kuonya wanawake," dada akasema. "Mimi nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini yule mtawa alidanganya."

Nikaitazama tena. Mchongaji amempa Kiyohime pembe na meno, lakini nyusi zake ni za mtu anayelia. Shavu lake amelilaza kwenye kengele. Ukimwona kwa mbele anauma. Ukisogea hatua mbili kushoto, anakumbatia. Yaani kazi nzima ya hadithi imo kwenye hizo hatua mbili, na aliyeivaa kiunoni angeiona inageuka kila anapotembea.

Vinyago vya mashetani vya kwetu pia ni hivyo. Husimuliwa kwamba Mmakonde Samaki Likankoa ndiye aliyeanza kuyachonga Dar es Salaam miaka ya 1950, jicho moja, mdomo ubavuni, na watalii wakayanunua kwa sababu yanatisha. Mjomba haoni kitisho. Kila shetani analochonga analijua tabia: hili lina wivu, hili limeachwa na mke, hili halipendi kelele.

Siku ya tano, Novemba 21. Kyoto

Kila tarehe 21 ya mwezi kuna gulio kubwa kwenye hekalu la To-ji. Kimono za mitumba, sufuria za chuma, maua, miche, vitu vya kale. Nilikwenda peke yangu, na mvua ilianza saa tatu asubuhi.

Muuzaji mmoja chini ya turubai alikuwa na sinia la netsuke ishirini hivi. Nikachagua ng'ombe aliyelala, rangi ya asali, mikunjo ya shingo imeshika weusi wa miaka. Chini pana sahihi. Muuzaji akasema ni ya kale, ya mti, yen elfu nane. Maji yalikuwa yananiingia shingoni, watu wananisukuma, nikalipa.

Usiku nikamweka ng'ombe chini ya taa. Mti una nyuzi. Hata uwe mgumu vipi, hata ung'arishwe mpaka uwe kioo, ukiuelekeza kwenye mwanga utaziona nyuzi zinakwenda upande mmoja, na mwishoni mwa mbao utaziona kama vitundu. Huyu hakuwa na nyuzi popote. Weusi wa mikunjo ulikuwa sawasawa kila mahali, hata pale ambapo kidole cha mtu hakifiki. Na kati ya miguu, mstari mwembamba unaopita kutoka kidevuni hadi mkiani: mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ni plastiki iliyomiminwa.

Nimeumia, si kwa fedha tu. Nimekulia kwenye vumbi la mpingo, nimekwisha kuona mininga iliyopakwa rangi ya viatu ikiuzwa kwa wageni kama mpingo, nikawaonea huruma wale wageni. Kosa langu lilikuwa kununua kwa macho. Sikumtoa ng'ombe kwenye mfuko wake nikamshika vizuri. Mkono ungeniambia palepale.

Dada nilipompigia simu alinieleza jambo lililonipoza. Mwaka 1781 mtu wa Osaka, Inaba Tsuryu, alichapisha kitabu kiitwacho Soken Kisho, kuhusu mapambo ya panga na vitu vya kuvaa, na ndani yake akawataja wachonga netsuke zaidi ya 50. Mmoja wao ni Tomotada wa Kyoto, bingwa wa ng'ombe waliolala. Na tayari wakati ule kitabu kilionya kwamba ng'ombe za kuiga kazi yake ni nyingi.

Kuna sinia la pili sokoni nililolipita bila kusimama: netsuke za pembe za ndovu. Zipo nyingi duniani, na nyingine ni kazi za mabingwa. Lakini mimi natoka kwenye nchi ambayo pembe zake zilibebwa mabegani na watu kutoka bara hadi pwani, zikapakiwa Zanzibar, na ambayo tembo wake wa Selous waliuawa kwa maelfu nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989. Kwangu mimi ilishakwisha kabla ya sheria. Nafuata mti.

Siku ya sita, Novemba 22. Ise

Treni ya Kintetsu kutoka Kyoto, saa mbili, mashamba ya mpunga yaliyovunwa. Nimefika mchana, nikaenda patakatifu pa nje pa dini ya Shinto, Geku, chini ya miti mikubwa mno. Majengo hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, na zamu ijayo ni 2033. Jioni nimekula udon za hapa, tambi za ngano, nene na laini, mchuzi mweusi. Dada atafika kesho na treni ya kwanza.

Siku ya saba, Novemba 23. Ise

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Mji huu ulio karibu na Geku zamani uliitwa Yamada, na katika karne ya 19 ulikuwa na ukoo wa wachongaji waliotumia jina la Masanao kizazi baada ya kizazi. Walichonga mti wa tsuge, na mnyama wao mkuu alikuwa chura. Sababu ni lugha. Kwa Kijapani chura ni kaeru, na kurudi nyumbani pia ni kaeru. Mahujaji walikuja Ise kwa miguu kutoka pande zote za nchi. Mwaka 1830 walikuja mamilioni, katika miezi michache. Hujaji aliyevaa chura kiunoni alikuwa amevaa dua ya kurudi salama, tena nyepesi, haimzidishii mzigo.

Mzee tuliyemtembelea bado anachonga kwa njia hiyo. Dada anamwita sensei, yaani mwalimu, na mimi nikafuata. Ana karakana ndogo kama kibanda cha fundi saa: dirisha moja, zulia, kigogo cha kuegemezea kazi, na visu zaidi ya thelathini ambavyo amevitengeneza mwenyewe. Nilimpa shikamoo bila kufikiri, kwa mazoea, na dada akaitafsiri. Mzee akaitikia kwa kuinama.

Tsuge ya hapa hukatwa mlima wa Asama, nyuma ya mji. Ni kichaka kisicho na haraka. Shina la unene wa mkono limemaliza vizazi. Mti ukishakatwa hukaa ukikauka kwa miaka kabla ya kuguswa. Alinipa kipande. Ni njano, mzito, nyuzi zake zimeshikana kiasi kwamba ukiukata dhidi ya nyuzi hautoki vibanzi. Kisu kinapita kama kwenye jibini gumu, kinaacha uso unaong'aa wenyewe. Mpingo hauko hivyo. Mpingo unapigana nawe, unaharibu tezo, na ukiwa na ufa ndani utakwambia siku ya mwisho.

Kisha akanionyesha vipele vya chura.

Mimi nilidhani huachwa: unachonga mgongo kwa kushuka, unaacha vidoti vimesimama. Kwa vidoti mia mbili juu ya mgongo wa sentimita tatu, kazi hiyo ni ya kichaa. Mzee alichukua kitu kama msumari butu, akakibonyeza kwenye mti. Hakutoboa, alididimiza tu nyuzi zikalala. Akabonyeza tena pembeni, na tena, safu nzima ya vishimo. Halafu akachukua kisu akakwangua uso wote mpaka vishimo vikatoweka, mgongo ukawa laini kama yai. Nikafikiri ameharibu. Akachovya brashi kwenye maji ya moto akaupaka mti. Tukanyamaza wote watatu. Taratibu, moja baada ya jingine, nyuzi zilizokuwa zimelazwa zikanywa maji na kuinuka, na pale palipokuwa na vishimo pakasimama vipele. Wenyewe huita ukibori. Mti umekumbuka mahali ulipoumizwa na umepainua.

Nimewaza njia hiyo usiku kucha. Mtu wa kwanza aliigunduaje? Lazima siku moja alidondosha kifaa juu ya kazi, akakwangua kovu, akalowanisha, kovu likarudi kama uvimbe. Mwingine angeitupa kazi.

Kung'arisha huanza na mabua makavu ya mmea uitwao tokusa, magumu kama tupa, kisha majani ya mti wa muku ambayo yana ukakasi. Nilicheka kwa furaha nikamwambia dada amweleze: na sisi jina la karatasi ya kusugulia mbao ni la mti, msasa, kwa sababu wazee walisugulia majani yake. Mzee akaomba nilitamke tena. Msasa. Akaliandika kwa herufi zao kwenye kipande cha mbao juu ya meza. Rangi ya hudhurungi hutokana na matunda ya mti wa yashabushi yaliyochemshwa, na mwisho ni nta kidogo.

Nilimletea zawadi, shetani dogo la mpingo la mjomba, urefu wa kidole cha kati. Mzee hakulitazama kwanza. Alifumba macho, akalizungusha mkononi, gumba likipita kila mahali, na gumba likasimama chini.

"Hapa amekata bapa," akasema kupitia kwa dada.

Nikajibu ndiyo, ili lisimame. Wateja wanaweka kwenye meza na makabati.

Akaweka shetani kando kwa mikono miwili, akanipa chura. Hakuniwekea mezani. Alinitilia kiganjani na kukifunga kiganja changu. Baada ya siku sita za vioo, hatimaye. Alikuwa na baridi mwanzoni, kisha akapata joto langu. Nikamgeuza. Tumbo limechongwa sawa na mgongo: ngozi iliyolegea kooni, miguu ya nyuma imekunjwa, nyayo zinaonekana na utando kati ya vidole. Baina ya miguu, matundu mawili. Moja ni kubwa kuliko jingine, na mzee akanieleza kwamba fundo la ugwe hufichwa humo lisionekane.

Chura huyo ana ufa mwembamba ubavuni, uliotokea wakati wa kukausha, kwa hiyo hawezi kuuzwa. Mzee akasema nimpelekee aliyechonga shetani.

Siku ya nane, Novemba 24. Futami

Treni ndogo ya kwenda pwani. Kwenye ufuko wa Futami kuna miamba miwili baharini, mkubwa na mdogo, imefungwa pamoja kwa kamba nene ya majani ya mpunga. Huitwa mke na mume. Patakatifu palipo hapo pamejaa vyura wa mawe na shaba, walioletwa na watu waliorudi salama. Baadhi wana migongo iliyolika kwa kumwagiwa maji na kuguswa.

Na hapahapa Futami, mahali ambapo sikutarajia hata kidogo, kuna Makumbusho ya Makonde. Mjapani mmoja alipenda kazi za Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji, akakusanya maisha yake yote, akazijengea nyumba. Dada ndiye aliyejua. Nilipoingia, harufu ikanipokea kabla ya macho: mpingo na nta. Vinyago vya ujamaa vilivyopanda hadi kichwani kwangu, watu wamebebana mabegani. Mashetani kwa makumi. Nikasimama katikati yao nikahisi mtu ananiuliza nimefikaje.

Nikafanya kile nilichofundishwa jana. Nikaanza kutazama migongo. Na katika shetani moja la kale, refu na jembamba, nikaona mchongaji amechonga mpaka kwenye nyayo, vidole vyote, ingawa linasimama na hakuna ambaye angeziona. Hakuna jina lake. Nikamwonyesha dada, naye akapiga magoti sakafuni ili aone.

Siku ya tisa, Novemba 25. Asama

Kuna wimbo wa mahujaji unaosema kwamba aliyehiji Ise bila kupanda Asama amehiji nusu. Nimepanda. Mita 555, ukungu, bahari chini yenye visiwa. Nilitafuta kichaka cha tsuge, nikaonyeshwa kimoja: majani madogo, shina la kukunjamana. Nilikiwekea mkono tu. Kesho ndege.

Desemba 3. Mtwara

Nimefika kwa mjomba jioni, umeme umekatika mtaa mzima. Alikuwa amekaa barazani, vumbi la mpingo bado liko kwenye nywele za mikono.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umerudi."

Nikataka kuwasha tochi ya simu, akanizuia kwa mkono. Nikamtilia chura kiganjani na kukifunga, kama nilivyofanyiwa. Akakaa naye muda mrefu. Nilikuwa nikisikia ukucha wake ukipita juu ya vipele. Akamgeuza. Akamgeuza tena, anatafuta.

"Halina tako," akasema. "Lilikuwa linakaa wapi?"

"Kiunoni."

Akanyamaza. Gumba lake likashuka tumboni, likaingia kati ya miguu, likasimama.

"Hili tundu moja limemzidi mwenzake."

"Ndiyo, mjomba. Ni kwa sababu ya..."

"Fundo," akasema. "Fundo linalala humu."

Kisha akamwita mtoto aliyekuwa ndani, akamwambia alete ugwe.